Kuhudhuria ZIFF ukiwa mtazamaji tu: mwongozo kwa mpenzi wa filamu

Kila tamasha la filamu la Zanzibar, ZIFF, likikaribia, maswali ni yale yale. Lazima niwe muigizaji ndiyo niingie? Naweza kwenda na mama? Filamu zenyewe ni za Kiingereza tupu? Nikitoka Pemba, inanipasa nikae siku zote? Nimeyajibu kwa simu na nimeyajibu barazani, sasa nayaandika pahala pamoja ili anayeuliza apate kitu cha kushika.

Mwongozo huu ni wa mtu anayependa filamu, basi. Hana kampuni, hana kamera, hatafuti mkataba. Ni yule ambaye akimaliza kutazama hawezi kulala mpaka aizungumze filamu na mtu. Mtu huyo ana nafasi yake Ngome Kongwe, tamasha linapofanyika, sawasawa na mwongozaji aliyeshuka ndege kutoka Nairobi, na waongozaji wenyewe humtafuta, maana wamechoka kuonyeshana kazi zao wao kwa wao. Kinachomkwamisha ni kuja bila mpango. Anafika usiku mmoja, anaikuta filamu imefika katikati, hajui inahusu nini, anakula urojo Forodhani, anarudi nyumbani akisema tamasha ni la wageni. Hilo ndilo ninalotaka lisikukute.

Kwa ufupi, kwa asiyelijua: ZIFF ni Tamasha la Filamu la Kimataifa la Zanzibar. Lilianzishwa 1997 na la kwanza likafanyika 1998. Hujulikana pia kama Tamasha la Nchi za Jahazi, kwa sababu lilikusudiwa kuzikutanisha nchi zilizounganishwa na bahari hii: Afrika Mashariki, Komoro, Madagascar, Uarabuni, India na majirani zao. Zawadi yake kubwa ni Jahazi la Dhahabu. Kitovu chake ni Ngome Kongwe, mkabala na bustani ya Forodhani, ndani ya kuta walizojenga Waomani baada ya Wareno kuondolewa mwishoni mwa karne ya 17. Usilichanganye na Sauti za Busara, ambalo ni la muziki na hufanyika Februari.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Ratiba ya mwaka huo huo, ya karatasi au ya kwenye simu.
- Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, au cha Taifa kama unatoka Bara. Bei ya mkaazi huwa nafuu kuliko ya mgeni, na mlangoni hawakujui.
- Pesa taslimu, noti ndogo ndogo, hata kama umezoea kulipa kwa simu.
- Kanga au kikoi cha ziada, pamoja na sweta. Juni hadi Agosti ni kipupwe, kusi linavuma, ukumbi hauna paa na viti ni ngazi za mawe. Jiwe likishapoa linapanda mpaka mgongoni. Wanaocheka kuona umebeba kanga mbili ndio hao hao watakaokuomba moja saa tatu usiku.
- Daftari dogo na kalamu.
- Simu iliyojaa chaji, na pawabenki.
- Viatu vya kutembelea. Vichochoro vya Mji Mkongwe havitaki kisigino kirefu.

Hatua ya 1: Hakikisha tarehe kwanza, boti baadaye

Kwa miaka mingi tamasha limeangukia Juni na Julai. Lakini 2024 lilifanyika mwanzoni mwa Agosti, na miaka ambayo Ramadhani iliingia katikati ya mwaka lilisogezwa kuupisha mwezi. Urefu wake pia hubadilika: limewahi kuchukua siku tisa, na limewahi kuchukua nne. Kwa hiyo usikate tiketi ya boti wala usiombe likizo kabla hujaiona tarehe kwenye kurasa za tamasha lenyewe.

Kosa la kawaida: bango la mwaka juzi linazunguka kwenye makundi ya WhatsApp, mtu analisambaza bila kulisoma. Tazama mwaka ulioandikwa, siyo siku na mwezi tu.

Hatua ya 2: Kaa kitako na ratiba

Hii ndiyo hatua ambayo watu huiruka, na ndiyo inayoamua kama utafaidi au utahangaika. Ratiba ya tamasha haifanani na ya jumba la sinema, ambamo filamu moja hurudiwa kutwa. Hapa filamu nyingi huonyeshwa mara moja tu. Ikikupita imekupita, na pengine hutaiona tena kwenye televisheni wala kwenye simu.

Kila filamu huandikiwa jina, nchi, mwaka, dakika, mwongozaji, na mara nyingi lugha. Anza na dakika. Zilizo chini ya 30 ni filamu fupi, nazo hupangwa kwa fungu, kadhaa mfululizo, kwa hiyo ukichelewa robo saa umekosa moja nzima na hujui iliyo mbele yako ni ya ngapi. Zilizo kati ya 50 na 90 tazama kama zimeandikwa makala, yaani habari ya kweli ya watu wa kweli. Wengi huzikwepa wakidhani ni taarifa ya habari iliyorefushwa, na hapo wanakosa mambo makubwa. Kisha tazama lugha. Filamu ya Kifaransa au Kiarabu kwa kawaida huja na maandishi ya tafsiri chini ya picha, na maandishi hayo mara nyingi ni ya Kiingereza. Kama Kiingereza chako ni cha kubabaisha, tanguliza za Kiswahili na zile ambazo picha inabeba hadithi kuliko maneno.

Halafu chagua. Mimi huanza na majirani ambao kwa kawaida hatuwaoni: Komoro, Madagascar, Msumbiji, Somalia, Sudan. Filamu ya Marekani au ya Kihindi utaipata popote. Ya dakika 20 iliyotoka Ngazija, kisiwa cha Komoro, huipati. Pili naangalia yoyote iliyopigwa Unguja au Pemba, kwa sababu hapo hutazami peke yako. Waliocheza wamekaa safu ya nyuma yako, shangazi zao wamekuja, na kijana wao akitokea kwenye skrini vinapigwa vigelegele mpaka maneno hayasikiki. Raha hiyo haipatikani sebuleni.

Tia duara filamu ambazo huziachi hata mvua ikinyesha. Tia mstari zile utakazoziona ukipata nafasi. Duara zisizidi mbili kwa mchana na moja kwa usiku.

Kosa la kawaida: kujaza siku nzima. Kufikia filamu ya nne kichwa kinachanganya sura. Unakumbuka mwanamke aliyelia lakini hukumbuki alilia kwenye filamu ipi. Kosa la pili: kuchagua usiku wa mwisho peke yake kwa sababu ndio wa zawadi. Usiku ule una hotuba nyingi, wageni rasmi na kupiga picha. Kama una usiku mmoja tu, chagua wa katikati.

Hatua ya 3: Pata tiketi

Uliza mambo matatu kwa mpangilio huu: bei ya mkaazi ni ipi, pasi ya siku zote ni kiasi gani, na maonyesho gani ni ya bure. Maonyesho na mazungumzo mengi ya mchana yamekuwa yakiachwa wazi kwa kila mtu. Usiku ndio hutozwa. Piga hesabu. Kwa usiku mmoja au mbili, tiketi moja moja inatosha. Kwa zaidi ya hapo pasi huanza kuwa nafuu. Nunua dirishani au kwa njia iliyotangazwa na tamasha lenyewe. Kijana anayekufuata Forodhani akikuambia ana tiketi zilizobaki, mpe salamu na uendelee na safari yako.

Hatua ya 4: Safari na malazi

Anayetoka Pemba ndiye mwenye kazi zaidi. Boti za Mkoani hazina wingi wa safari kama zile za Dar es Salaam, ambazo huondoka mara kadhaa kwa siku na huchukua kama saa mbili. Kwa hiyo panga siku zako za tamasha kufuatana na siku za boti, usifanye kinyume chake, na acha siku moja ya akiba mwishoni kwa sababu kusi likichafuka ratiba ya boti hubadilika. Bahari ya miezi hii ina mawimbi kati ya Unguja na Pemba. Anayeugua bahari anywe dawa kabla ya kupanda, siyo boti ikishatoka. Ndege ndogo za kutoka Chake Chake zipo na hazifiki saa moja angani, ila bei yake ni nyengine.

Boti zote hukushusha Malindi. Kutoka hapo hadi Ngome Kongwe ni mwendo wa kama robo saa kwa miguu kwa njia ya pwani, ukipita Mizingani, bahari ikiwa mkono wa kulia. Huna haja ya taksi kama mzigo wako ni begi moja.

Malazi: nyumba za wageni za Mji Mkongwe hupanda bei miezi hii kwa sababu ni msimu wa watalii. Tafuta ng'ambo, Kikwajuni, Michenzani au Amani, na kwa miguu au kwa bodaboda bado uko karibu. Wengi wetu lakini hulala kwa jamaa, na hapa nina neno. Mwambie mwenyeji wako kabla hujafika kwamba utarudi saa nne au saa tano usiku, na umwambie unakokwenda. Usimwache shangazi anakaa macho akisikiliza mlango. Siku moja mchukue muende naye. Baada ya hapo hatokuuliza kwa nini umechelewa, atakuuliza filamu ilikwishaje.

Anayetoka shamba, Makunduchi, Nungwi au Paje, ajue kuwa daladala za kurudi hazimngoji. Ama uwe na pahala pa kulala mjini, ama mkusanyike watu wa mtaa mmoja mkodi gari ya kuwarudisha. Mkigawana inakuwa bei ya kawaida.

Hatua ya 5: Siku ya kwanza, fika kabla ya jua kuzama

Miezi hii magharibi huingia baada kidogo ya saa kumi na mbili na robo jioni. Ingia kabla ya hapo, uijue Ngome kwa mwangaza: lango, dirisha la tiketi, vyoo, na pahala ratiba ya siku inapobandikwa. Ile karatasi ya ukutani ndiyo ya kuamini kuliko ile uliyonayo mkononi, maana mabadiliko huandikwa hapo. Kisha katoke, kasali, kale kitu Forodhani. Bei ya mishkaki na pweza uliza kabla hujaonja, ukishaonja umeshanunua. Rudi na chupa yako ya maji.

Kukaa nako kuna hesabu yake. Ngazi za chini kabisa zinakulazimisha uinue shingo. Za juu kabisa upepo unakupiga na wanaoingia na kutoka wanakupita. Kaa katikati, na usikae mkabala na spika. Ukiwa na mzazi mtu mzima, kaa mwanzoni mwa safu, karibu na njia, ili asihangaike kupanda gizani.

Hatua ya 6: Njoo mchana, siyo usiku tu

Wengi wanalijua tamasha la usiku. La mchana ni jengine kabisa: filamu fupi kwenye kumbi ndogo, mazungumzo ya watayarishaji, warsha, na wageni wakinywa kahawa bila haraka. Mwongozaji ambaye usiku amezungukwa na wapiga picha, mchana utamkuta amekaa peke yake kwenye kiti cha plastiki akisoma simu.

Ingia kwenye mazungumzo hata kama kichwa chake kinatisha. Wakizungumza usambazaji, hakimiliki au mauzo, wanazungumza habari yako wewe: kwa nini filamu fulani huioni, kwa nini nyengine inafika kwenye king'amuzi baada ya miaka miwili, kwa nini ya Kiswahili ni ghali kuipata kuliko ya Kikorea. Kaa nyuma, andika maneno usiyoyajua, muulize mtu wakati wa mapumziko. Hakuna anayekuangalia kuona kama una kampuni.

Salamu hufungua mlango. "Asalaam aleikum, mimi ni mtazamaji tu, nimeiona filamu yako ya jana" inatosha kabisa. Kwa mkubwa wa umri anza na shikamoo hata kama ni mtu maarufu. Usianze kwa kuomba picha. Zungumza kwanza, picha iombwe mwishoni.

Hatua ya 7: Uliza swali baada ya filamu

Baada ya filamu nyingi mwongozaji hupanda jukwaani, kipaza sauti kinapita, na watu wanakaa kimya kama darasani. Halafu mgeni mmoja anauliza kwa Kiingereza, na wengine wote wanaondoka na maswali yao. Nakuomba usiwe miongoni mwao.

Swali zuri hutoka kwenye ulichokiona au unachokijua kutoka kwenu. Niliwahi kuwepo ilipomalizika filamu moja ya hadithi ya mabaharia. Mzee mmoja wa Nungwi alisimama, akasema: "Mwanangu, jahazi lako linakwenda Lamu kutoka hapa, lakini tanga limejaa kaskazi. Kwa kaskazi mtu anatoka Lamu, haendi." Ukumbi ukacheka, mwongozaji naye akacheka, kisha akaeleza kwamba hadithi ni ya mwezi wa saba lakini fedha za kupigia picha zilipatikana Januari, na mandhari ya baharini hayakuweza kungoja upepo mwengine. Kutoka hapo akaeleza jinsi walivyokodi chombo, walivyopoteza siku nzima kwa wimbi, na jinsi nahodha alivyowaambia jambo lile lile aliloliona mzee. Tulijifunza utengenezaji wa filamu kuliko warsha nzima, kwa swali la mtu asiyewahi kushika kamera.

Kwa hiyo uliza kuhusu kitu kimoja kilichomo ndani ya filamu. Kwa nini mama yule hakujibu? Ile nyumba mliipata wapi? Wimbo ule nani aliutunga? Maliza kwa nusu dakika. Na uliza kwa Kiswahili. Wa kutafsiri atapatikana, na mgeni aliyekuja Zanzibar anategemea kukisikia.

Yanayoharibu: kutoa hotuba kisha ukasema "hilo ni swali langu", kuuliza "na mimi nataka kuigiza, utanisaidiaje?" mbele ya watu mia, na kueleza mwisho wa filamu ambayo bado itaonyeshwa kesho.

Na usinyanyuke majina yanapoanza kupita mwishoni. Hao ni watu waliofanya kazi, pengine mmoja wao ni wa mtaani kwako, na mwongozaji hupanda majina yakiisha, wewe ukiwa umeshafika langoni.

Hatua ya 8: Kuipata filamu ya kutazama nyumbani

Hapa ndipo watu wema wanapokosea zaidi. Umeipenda filamu, unataka kaka aliyebaki Wete aione, unamwendea mwongozaji na flashi mkononi: "Nijazie basi." Mazoea yetu ndiyo yametufikisha hapo. Zamani tuliazima kanda dukani kwa usiku mmoja, tukaja kwenye sidii, sasa unapeleka flashi kibandani unajaziwa filamu kumi kwa bei ya soda.

Filamu inayozunguka kwenye matamasha mara nyingi bado haijauzwa. Mwenyewe anangoja kituo cha televisheni au mtandao wa kulipia uinunue, na mnunuzi hutaka awe wa kwanza. Matamasha mengine nayo hukataa filamu iliyokwisha kusambaa. Nakala moja ikivuja kwa wema wako, kazi ya miaka imekosa mnunuzi. Kwa sababu hiyo hiyo usirekodi skrini kwa simu, hata kipande cha kuweka stetasi. Piga picha ukumbi, jipige mwenyewe na wenzako kabla taa hazijazimwa, inatosha.

Badala ya flashi, muulize haya na uyaandike: filamu itapatikana wapi baadae, karibu lini, itakuwa na tafsiri ya Kiswahili, na ukurasa gani ufuate ili upate habari. Kama kuna nakala zinazouzwa halali pale tamashani, nunua hata moja.

Ukitaka kuionyesha skuli, maskani au kijijini, sema hivyo wazi. Wengi hukubali maonyesho madogo yasiyo na kiingilio, lakini wanataka barua: nani, wapi, siku gani, watu wangapi. Kwa onyesho la hadhara, ruhusa ya mwenye filamu peke yake haitoshi. Onana pia na Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni, BASSFU. Suala la haki za mwenye kazi liko kwa Ofisi ya Hakimiliki Zanzibar, COSOZA. Nenda mapema, siyo siku ambayo viti vimeshapangwa.

Hatua ya 9: Andika usiku huo huo

Kabla hujalala andika jina la filamu, nchi, mwongozaji, na mambo mawili: tukio lililokukaa na jambo usilolielewa. Mistari mitano inatosha. Kesho yake ukimkuta mwongozaji una la kumwambia, na ukirudi Pemba una la kuwasimulia wenzako zaidi ya "ilikuwa nzuri".

Ukienda na watoto au wazee

Tamasha limekuwa na maonyesho maalumu ya watoto na ya wanawake, na miaka mingine filamu zimepelekwa vijijini Unguja na Pemba. Yatazame hayo kwanza kwenye ratiba. Filamu nyingi za usiku ni za watu wazima kwa mazungumzo na mara nyengine kwa yanayoonyeshwa. Soma maelezo yake, na ukiwa na shaka muulize mhudumu langoni kama inafaa kwa familia. Wakae karibu na njia ili muweze kutoka bila kusumbua.

Mavazi: hakuna sare. Vaa unavyovaa kwenda harusini kwa jirani, au unavyovaa kila siku kwa stara. Uko katikati ya Mji Mkongwe, na misikiti iko pande zote.

Mambo yakienda kombo

*Filamu yako imefutwa au imebadilishwa saa.* Hutokea kila mara, kwa sababu ya nakala kuchelewa, umeme au mgeni kukosa ndege. Nenda kwenye karatasi ya ukutani, kisha dirishani. Uliza kama itarudiwa. Hapo ndipo zile ulizozitia mstari zinapokufaa.

*Mvua.* Kipupwe ni kikavu lakini manyunyu yapo, na ukumbi wa wazi hauna pa kujificha. Usikimbilie nyumbani. Subiri nusu saa chini ya kuta. Mara nyingi wanafuta maji na kuendelea.

*Tiketi zimekwisha.* Kaa karibu na dirisha mpaka onyesho lianze. Wenye mwaliko huwa hawaji wote, na nafasi hupatikana.

*Huelewi lugha ya filamu.* Vumilia robo saa ya kwanza ukitazama nyuso. Ikiwa bado hushiki, toka taratibu ukiwa umeinama, na muombe baadae aliyeielewa akusimulie. Usimfanye jirani yako akutafsirie kwa sauti. Safu tatu zinakusikia.

*Filamu imekuudhi.* Itakuwepo ambayo unaona imeidhalilisha dini au mila yetu. Subiri iishe, chukua kipaza sauti, useme kwa heshima ulichokiona na kwa nini kimekuuma. Mwongozaji anahitaji kulisikia hilo kutoka kwa watu wa hapa, na ukiwa umeitazama yote hawezi kukuambia hukuielewa.

*Umepoteana na wenzako na mtandao umelemewa.* Kabla ya kuingia kubalianeni pahala pamoja nje, kwa mfano lango la Ngome, na saa ya kukutana.

*Saa tano usiku huna usafiri.* Usianze kutembea peke yako kwenye vichochoro ukiwa mgeni wa mji. Rudi Forodhani penye taa na watu, pata bajaji au taksi, patana bei kabla ya kupanda, na mpigie mwenyeji wako umwambie umeshaondoka.

*Umekuja siku moja tu na hukupata ulichotaka.* Chukua ratiba ya karatasi uende nayo. Majina yote yamo humo, na mwaka mzima utakuwa na orodha ya filamu za kuulizia, kuzifuatilia na kuzikamata zikitoka.